Alama Isiyopigwa Chini ya Mtutu

Orpha Zerbe hakuwahi kulipenda neno "takriban". Jikoni alilivumilia, kwa sababu mama yake alipika kwa kukisia na chakula kikatoka kizuri. Karakanani halikuwa na nafasi. Mtu akimletea gobore la zamani na kumwambia limetengenezwa takriban mwaka fulani, alimtazama kwa juu ya miwani na kumuuliza kama na yeye alizaliwa takriban.

Watu wa bonde la Tulpehocken walimzoea. Walikuja Jumamosi, wakitoka kwenye kifungua kinywa cha kuchangia kikosi cha zimamoto, mashati bado yananuka nyama ya kukaanga, wamebeba bunduki za mababu zao zilizoviringishwa kwenye shuka. Kila bunduki, kwa maneno ya mwenyewe, ilipigana Gettysburg, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Orpha alikuwa na jibu lake kwa hilo: kama zote alizowahi kuonyeshwa zingekuwa Gettysburg kweli, askari wangekosa pa kusimama. Kisha aliifungua shuka, akaipeleka bunduki dirishani, akaigeuza kwenye mwanga polepole hadi watu wakaingiwa na kiwewe.

"Hii ilitengenezwa kwa kuwindia kulungu," angesema. "Baadaye ikafukuza kunguru. Hakuna aibu hapo."

Kazi yake ilikuwa kusoma. Kitako kinene na bapa ni cha zamani. Chembamba kilichopinda kama mwezi mchanga ni cha wajukuu. Mbao ya nyuma ya mtambo wa kuwashia iliyoliwa na moto husema bunduki ilifyatuliwa sana. Iliyo safi mno husema mtu ameisugua au ameibandika jana. Hayo alifundishwa na baba yake, Wilmer, katika karakana ileile anayoitumia hadi sasa, yeye mwenyewe akiwa na miaka sitini na ushei, jiliwa lake la kubania chuma likiwa upande wa kulia wa dirisha badala ya kushoto, kwa sababu Orpha ni wa mkono wa kushoto na Wilmer hakutaka mkono wa binti yake uzibe mwanga wake mwenyewe.

Katika mambo yote aliyofundishwa, moja lilikuwa na uzito wa amri. Bunduki za mwanzo za bonde hilo ziliwashwa kwa jiwe la gumegume: jiwe hupiga chuma, cheche huangukia baruti kwenye kisahani cha nje, na moto hupenya kijitundu ubavuni mwa mtutu. Kisha ikaja fataki, kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikipigwa na nyundo, kisichojali mvua. Wakulima wa bonde si watu wa kutupa kitu. Walichukua bunduki zilezile, wakang'oa kisahani, wakapanua kijitundu na kuskrubu hapo kipande cha chuma cha kubebea fataki. Siku hizi wanaozikusanya wanataka gumegume tu, kwa hiyo wapo mafundi wanaozirudisha zilivyokuwa. Si dhambi. Lakini fundi akiziba tundu lile, hupiga alama yake mahali pa siri, herufi zake na mwaka, ili fundi atakayekuja baadaye asipotezwe.

"Asiyepiga alama ni mwongo," Wilmer alikuwa akisema, "hata kama hajafungua kinywa." Na aliongeza kwamba alama hupigwa na mkono uliofanya kazi. Mtu hapigiwi alama, kama vile mtu haungamiwi dhambi zake.

Juu ya mlango wa karakana hiyo ilining'inia bunduki moja ambayo haikuwa ya mteja. Ilikuwa ndefu kuliko Orpha mwenyewe alipokuwa msichana, mbao yake ina michirizi kama ngozi ya paka, na juu ya mtutu, kwa herufi za mviringo, limechongwa jina la J. Zerbe. Huyo ni Jost, babu wa mababu zao, aliyekuwa fundi bunduki kabla nchi haijawa nchi. Wilmer hakuruhusu itenganishwe. Mtutu wa bunduki ndefu hushikwa kwenye mbao kwa vipini vyembamba vya chuma vinavyopenya ubavuni, na kila kipini kikitolewa hutoka na kibanzi cha mbao. "Imetolewa vya kutosha," alisema mara moja, na Orpha hakuuliza imetolewa na nani.

Orpha mwenyewe aliisimulia bunduki hiyo kwenye maonyesho kwa miaka mingi. Ya gumegume, ya Jost, haijaguswa na fundi yeyote. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kusema mengine yote, na watu walimwamini.

Majira ya kuchipua mwaka huu, kamati ya nyumba ya historia ya kitongoji iliamua kufungua chumba kitakachoitwa kwa jina la Wilmer, ambaye sasa ana miaka tisini na zaidi na anaishi kwenye nyumba ya wazee ya kanisa. Bunduki ya Jost ingekaa katikati, kwenye kabati la kioo. Mwenyekiti wa kamati, Merle Kistler, dereva mstaafu wa lori la maziwa na rafiki wa Orpha tangu darasa la kwanza, alimwomba aandike kadi. Orpha alidhani ingemchukua asubuhi moja.

Alipoishusha ukutani aliona doa la maji. Paa la karakana lilikuwa limevuja wakati wa theluji, na maji yalikuwa yameingia kati ya mtutu na mbao. Kutu ikianza huko ndani, huila bunduki kama mchwa. Hakuwa na budi. Aliweka bunduki kwenye kitambaa, akachukua nyundo ndogo, akavitoa vipini kimoja kimoja, kisha akaunyanyua mtutu kutoka kwenye mbao kwa mara ya kwanza maishani mwake, au hivyo ndivyo alivyoamini.

Kutu ilikuwa kidogo tu. Lakini ubavuni, mahali pa kijitundu cha moto, palikuwa na duara.

Kwa nje halikuonekana, maana mtutu mzima ulikuwa umepakwa rangi ya hudhurungi. Upande uliofichwa na mbao haukuwa umepakwa, na hapo mstari ulionekana wazi: kuziba kwa chuma, kulikofanywa vizuri sana, kukiwa na kijitundu kipya katikati. Mtutu huu uliwahi kubeba fataki. Mtu aliuziba na kuurudisha. Na hakupiga alama.

Orpha aliketi. Akasimama, akaunyanyua mtambo wa kuwashia, ule wenye kisahani na taya za kushikia jiwe, akautazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa wa kweli, kila kipande. Hakukuwa na tundu lililozibwa wala chuma kipya. Kutu ya zamani ilipita kutoka kibao hadi kisahani bila kukatika. Mtambo ulisema bunduki hii haijawahi kuwa ya fataki. Mtutu ulisema imewahi. Vyote viwili vilikuwa mashahidi wasiosema uongo, na walikuwa wanapingana.

Huenda mtutu ulitoka kwenye bunduki nyingine. Aliurudisha kwenye mbao: uliingia kama mguu kwenye kiatu chake, kila kovu la mbao likilingana na kovu la chuma. Huenda mtambo ndio uliotoka kwingine. Nao uliingia hivyohivyo. Alizunguka meza. Alipika kahawa akaisahau.

Kilichomkosesha amani zaidi kilikuwa mkono. Kuziba kulikuwa kumemaliziwa kwa tupa kwa namna aliyoijua kama anavyoijua hatua ya mtu ngazini: mapigo mafupi, yaliyopungua nguvu kuelekea ukingoni, na ukingo wenyewe umeviringwa kidogo ili usikate kidole. Hakuna mtu mwingine bondeni aliyefanya hivyo. Ulikuwa mkono wa Wilmer. Ila mikwaruzo iliinamia upande usio wake, kana kwamba alifanya kazi amesimama ng'ambo ya jiliwa. Kwa nini mtu asimame ng'ambo ya jiliwa lake? Na kando ya lile duara palikuwa na kiraka kidogo kilicholainishwa kwa uangalifu, ukubwa wa ukucha, kisicho na kitu chochote juu yake. Kwa nini mtu alainishe mahali halafu apaache patupu?

Basi huyu ndiye angepewa chumba: mtu aliyesema asiyepiga alama ni mwongo, na chini ya bunduki ya babu yake mwenyewe hakupiga. Orpha hakuweza kuandika kadi ya uongo. Wala hakuweza kuandika ya kweli bila kumvua baba yake nguo mbele ya kitongoji kizima, akiwa hai lakini kumbukumbu zimempotea na hawezi kujitetea.

Merle alikuja kuichukua kadi akaondoka bila kadi. Alikuja tena.

"Wewe unachelewa," alisema, akiegemea mlango. "Sijawahi kuona. Unaumwa?"

"Nasoma bado."

"Si bunduki yenu? Umetuchosha nayo tangu utoto. Andika uliyokuwa ukitupigia kelele."

"Merle, ukigundua marehemu baba yako alikuwa akitia maji kwenye maziwa, ungemwambia nani?"

Merle alifikiri. "Ng'ombe," alisema. Halafu akamwona usoni, akavua kofia. "Kuna nini, Orpha?"

Hakumwambia. Alisema angempa jibu kabla ya Jumapili ya ufunguzi, na Merle, ambaye si mjinga, aliondoka akifunga mlango polepole kuliko kawaida.

Siku iliyofuata Orpha alipika kuku na vipande vya unga kwa zafarani, chakula ambacho baba yake bado alikitambua hata siku ambazo hakutambua kitu kingine. Alitia bakuli kwenye kikapu. Mtutu wenyewe aliuviringisha kwenye blanketi la vipande vipande. Msichana wa mapokezi aliuliza kile kirefu ni nini, na Orpha, ambaye hajawahi kudanganya juu ya bunduki, alisema ni fimbo ya pazia la baba.

Wilmer alikuwa amekaa dirishani. Alikula vizuri. Alimwita Orpha "Verna", jina la mke wake, aliyezikwa siku nyingi, na alilalamika kwamba kuku wa jirani wameingia tena kwenye maharage. Orpha alijibu kwamba atawafukuza. Alikuwa amejifunza kutobishana, ingawa kila mara ilimwachia hali ya kutojua amesimama wapi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta imebaki ngazi moja zaidi.

Alipomaliza kula, aliufungua mtutu, akauweka mapajani mwa mzee, akamshika kidole gumba na kukipeleka mahali pale pa kuziba.

"Baba, nani alifanya hii?"

Wilmer hakutazama. Macho yake hayakuwa na msaada tena kwa vitu vidogo. Kidole kilizunguka duara, kikarudi, kikapita juu ya mikwaruzo mara moja kwa huku na mara moja kwa kule. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliye kazini.

"Kiwiko kiko juu," alisema. "Mwambie ashushe kiwiko. Vingine vyote sawa."

"Nimwambie nani?"

"Mtoto." Alisema kama mtu anayejibu swali la kijinga. "Nimempa mtutu wa Jost, Verna. Usimwambie. Nimemwambia ni chuma cha kujifunzia. Akijua ni wa nani, mkono utamtetemeka."

Orpha alibaki ameinama, mkono wake bado juu ya mkono wa baba yake.

"Mtambo je?" aliuliza, na alishangaa kusikia sauti yake ikitoka kama ya mama yake.

"Mtambo hauhitaji kazi. Vipande vyake vilivyong'olewa zamani mama yangu aliviweka vyote kwenye kopo la vifungo, hakuna kilichopotea. Tundu tu ndilo lilihitaji fundi." Alipapasa tena, akafika kwenye kile kiraka laini, akakaa hapo. "Nimemwachia mahali. Bado hana muhuri. Akipata muhuri wake atapiga mwenyewe. Mimi siwezi kumpigia."

"Na akisahau?"

Lakini Wilmer alikuwa amerudi kwa kuku wa jirani, na safari hii walikuwa wamefika kwenye kabeji.

Orpha hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikaa ndani ya gari, mtutu umelala kwenye kiti cha nyuma, akijaribu kuamua kama amepewa ushahidi au ndoto. Kila siku mzee huyu alisimulia mambo yasiyokuwapo. Kwa nini haya yawe kweli? Alimtaka baba yake awe safi, na mtu anayetaka kitu hukisoma kila mahali. Hilo alilijua kutokana na wateja wenye bunduki za Gettysburg. Angemwambia nini mteja aliyemletea hadithi kama hii? Angemwambia: hadithi nzuri, sasa tuone chuma.

Kwa hiyo alirudi kwenye chuma. Alifunga kipande cha bomba kwenye jiliwa lake, upande wa kulia wa dirisha, akashika tupa na kukipiga bila kufikiri, kama anavyofanya kila siku. Kisha akakiweka kando ya mtutu wa Jost, akawasha taa, akashusha kioo cha kukuzia.

Mikwaruzo iliinama upande uleule. Ile ya zamani na hii ya sasa hivi. Hakuna aliyekuwa amesimama ng'ambo ya jiliwa. Mtu yule alikuwa wa mkono wa kushoto, na bondeni palikuwa na mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto aliyefundishwa kuviringa ukingo namna ile.

Alikumbuka, au alidhani anakumbuka. Kipande cha chuma kirefu kilichofunikwa gunia kote isipokuwa mahali pa kazi, na baba yake akisema asiguse gunia, mafuta yatachafua. Mara nyingi palikuwa na chuma kilichofunikwa gunia. Kwa miaka mingi alisimama mbele ya watu akisema bunduki hii haijaguswa na fundi, na aliyeigusa alikuwa ni yeye. Alitaka kucheka na hakujua kama alikuwa na haki ya kucheka. Alijiona ametukuzwa, kisha akajiona amefanyiwa mzaha, kisha akajiuliza kwa nini baba yake hakusema hata alipompa muhuri, hata wakati bado alikuwa na akili zake zote. Huenda alingoja Orpha aone mwenyewe. Huenda alisahau. Jibu la swali hilo halikuwa kwenye chuma.

Muhuri wake, herufi O na Z, ulikuwa kwenye droo palepale ulipokuwa siku zote. Aliusafisha. Aliuweka juu ya kile kiraka laini, na herufi pamoja na nafasi ya mwaka zikaenea hapo bila kubana wala kupwaya. Aliyepima mahali alijua muhuri ungekuwa mkubwa kiasi gani kabla haujatengenezwa. Alipiga mara moja. Sauti ilikuwa ndogo.

Kisha akachukua mihuri ya tarakimu, akakwama.

Mwaka gani? Herufi bila mwaka ni nusu ya alama. Alikuwa na miaka kumi na sita, au kumi na saba. Ilikuwa mwaka wa mafuriko makubwa, wakati mto ulipoingia hadi kwenye maghala na karakana ikanuka tope mpaka theluji ilipoanguka. Alikumbuka harufu ya tope alipokuwa akishika tupa. Lakini alikumbuka pia kwamba gunia lilikuwa kavu na safi, na baada ya mafuriko hawakuwa na gunia safi hata moja. Basi ilikuwa kabla. Au mwaka uliofuata. Alikuwa ameshatofautisha miaka ya bunduki za muongo mmoja kwa kutazama skrubu tu, na sasa kazi ya mkono wake mwenyewe haikumpa mwaka.

Alimpigia simu Merle, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kujipendelea.

"Yaani wewe," Merle alisema, "umetusimanga miaka yote hii juu ya kazi za kubandikwa, na hukuijua yako?"

"Niliijua. Nilidhani ni ya baba."

"Basi afadhali. Sasa chumba kinabaki na jina lake au kinakuwa chako?"

"Chake. Jina langu nitaliandika kwenye kadi tu. Ila mwaka sina, Merle. Unakumbuka mwaka wa mafuriko nilikuwa nimeanza karakanani?"

"Mwaka wa mafuriko mimi nilikuwa juu ya paa na mbwa. Usiniulize mimi mambo ya watu wengine."

Jumapili kadi ilikuwa kwenye kabati la kioo. Inasema bunduki ilitengenezwa na Jost Zerbe kwa gumegume, ikageuzwa ya fataki na watu wasiojulikana, ikarudishwa na Wilmer Zerbe kwa mtambo wake wa asili, na kwamba mtutu ulizibwa na Orpha Zerbe, mwanafunzi wake, takriban mwaka wa mafuriko. Merle alisoma neno lile kwa sauti mbele ya watu wote, polepole, kisha akamtazama Orpha kwa juu ya miwani ambayo hakuwa nayo.

Chini ya mtutu, kando ya O na Z, pamebaki mahali pa tarakimu nne. Orpha bado anakwenda kwa baba yake na bakuli la kuku, na kila akienda anauliza kama lile gunia lilikuwa la kabla ya mafuriko au la baadaye.